Stesheni ya Goti la Kagera

Mto Kagera, utokao katika milima ya Rwanda na Burundi ukielekea Ziwa Viktoria, hauendi ziwani kwa njia fupi. Kwanza hushuka upande wa mashariki, na maji yake yakisha kuchanganyika na maji ya mto Ruvubu karibu na maporomoko ya Rusumo, hugeuka ghafula kuelekea kaskazini, hufuata mpaka wa Tanzania na Rwanda kwa masafa marefu, kisha hugeuka tena mashariki na kuingia ziwani. Wajerumani, walipozichora ramani za nchi hizi, waliuona mgeuko ule wa kwanza kuwa kama mguu uliokunjwa, wakauita goti la Kagera.

Hapo kwenye goti ndipo reli ya Kijerumani kutoka Tabora ilipokusudiwa kuishia. Kwa kuwa ingalitoka kusini-mashariki, ukingo ambao ingaliufikia kwanza ni ule ambao leo umo katika wilaya ya Ngara, mkoa wa Kagera. Stesheni haikujengwa. Hapana jukwaa, hapana tangi la maji, hapana kibao chenye jina la kituo. Walakini ni chache stesheni za mawe na chokaa katika Afrika Mashariki zilizogeuza maisha ya watu kama hii ambayo haikujengwa. Mstari wa mpaka uliochorwa na watu waliokuwa na reli mawazoni mwao ulikata falme mbili vipande, na wenyeji wa Mugoma, wa Kabanga na wa vilima vyote vya Bugufi wakajikuta ndani ya nchi ambayo mfalme wao hakuwamo.

Njia yenyewe haikubuniwa na wahandisi. Kabla ya Mzungu wa kwanza kufika, misafara ya pembe na vitambaa ilikuwa ikitoka Tabora, iliyoitwa pia Kaze, ikipita Usui na kwenda Karagwe kwa Rumanika. Usui ni ile nchi ambayo sehemu yake kubwa leo ni wilaya ya Biharamulo. Speke na Grant walipita huko mwaka 1861, na Speke alikaa huko siku nyingi kwa uchungu akibishana juu ya ushuru na watu wa mtawala Suwarora, ambaye alijua vema thamani ya nchi yake kwa kuwa ilikuwa njiani. Magharibi ya njia hiyo ya misafara zilikuwako nchi za Bushubi na Bugufi, na ng'ambo ya mto falme za Rwanda na Burundi, ambazo wafanyabiashara wa pwani hawakuzizoea. Mjerumani aliyefungua mlango huo ni Count von Götzen, aliyevuka Kagera karibu na Rusumo mwezi wa Mei 1894 na kuikata Rwanda mpaka magharibi yake. Baadaye aliwekwa kuwa Gavana wa koloni, na jina lake likaandikwa katika meli ambayo itatajwa tena hapa chini.

Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwanzoni mwa 1914, safari ya kilomita 1,250 hivi. Reli hiyo iliwaridhisha wenye kupenda ramani, maana iliunganisha bahari na ziwa Tanganyika. Lakini wenye kupenda hesabu hawakuridhika sana. Nchi iliyopita kati ya Dodoma na Tabora ilikuwa kavu na yenye watu wachache, ilhali nchi zenye watu wengi, ng'ombe wengi na mvua ya kutosha zilikuwa kaskazini-magharibi, mbali na reli. Jambo lililowachoma zaidi ni kwamba Waingereza walikuwa wamekwisha fikisha Reli ya Uganda Kisumu mwaka 1901, na ngozi na mazao ya Mwanza na Bukoba yalipakiwa katika meli za ziwa yakaenda Kisumu, kisha Mombasa. Koloni la Mjerumani lilikuwa likiinenepesha bandari ya Mwingereza.

Dawa iliyopendekezwa ni tawi la reli kutoka Tabora hadi goti la Kagera, zaidi ya kilomita 400, ili mali ya Rwanda na Burundi ivutwe kusini kabla haijavutwa mashariki. Bunge la Ujerumani liliidhinisha fedha mwaka 1914, na kazi ya kuchimba na kujaza udongo ikaanza upande wa Tabora. Mwezi wa Agosti mwaka uo huo vita vikatokea.

Ili kuelewa ni kitu gani kilichokosekana Rusumo, yafaa kuzitazama stesheni za Reli ya Kati zilizomalizika kabla ya vita, kwa sababu zote zilifuata utaratibu mmoja. Reli ilikuwa ya njia moja, yenye upana wa meta moja. Kwa hiyo kila baada ya masafa fulani ilibidi iwepo njia ya pili fupi ambako treni moja husubiri nyingine ipite. Injini zilikuwa za mvuke, na mvuke ni maji. Kwa hiyo stesheni iliwekwa penye maji au palipoweza kuletewa maji, na tangi lililoinuliwa juu ya nguzo likawa alama ya kwanza iliyoonekana na msafiri kutoka mbali. Kandoyake palikuwa na jengo lenye chumba cha mkuu wa stesheni, dirisha la tikiti, na chombo cha simu kilichouliza kituo kinachofuata kama njia i wazi. Ng'ambo ya jukwaa palikuwa na ghala la mizigo lililoinuliwa hata kimo cha behewa, ili wapagazi wasipandishe gunia begani mara mbili. Nyuma yake zilikuja nyumba za wafanyakazi, nazo zilipangwa kwa rangi za watu jinsi ilivyokuwa desturi ya ukoloni: za Wazungu mahali palipoinuka penye upepo, za makarani wa Kihindi kati, na za Waafrika waliosukuma mabehewa na kukaza misumari ya mataruma karibu kabisa na moshi.

Stesheni ya mwisho ilitaka zaidi ya hayo. Treni iliyofika mwisho wa njia haina budi kurudi, na injini ya mvuke haipendi kwenda kinyumenyume kwa masafa marefu. Basi ilihitajiwa pembetatu ya reli au meza ya kuzungushia injini, kibanda cha kuitengeneza, akiba ya kuni au makaa, na uwanja mpana wa kupangia mabehewa. Kigoma, iliyo pacha wa stesheni ya Kagera kwa umri, inaonyesha jambo hili vizuri. Jengo lake kubwa lenye matao liko chini ya mji karibu na maji, na reli zake zinaendelea hata gatini, ili kitu kitolewacho behewani kiingie melini. Meli iliyoitwa kwa jina la von Götzen ilifika Kigoma hivyo hivyo: iliundwa Papenburg huko Ujerumani, ikavunjwa na kufungwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikapelekwa Dar es Salaam kwa bahari na Kigoma kwa reli, ikaunganishwa upya na kushushwa majini mwaka 1915. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916 wasije wakanyang'anywa; Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na tangu 1927 inaitwa Liemba.

Rusumo ingalikuwa Kigoma isiyo na ziwa. Mto hauchukui meli hapo. Maporomoko yanamwaga maji kutoka kimo cha meta kumi na tano hivi kati ya kuta za mawe. Mizigo ingaliwasili kwa vichwa vya wapagazi kutoka Kigali, ambako Richard Kandt alikuwa ameweka makao ya serikali mwaka 1907, na kutoka Gitega ya Burundi. Mtu anayesimama leo kwenye daraja la Rusumo na kutazama vilima vilivyobana mto pande zote mbili hana budi kujiuliza uwanja wa mabehewa ungalipatikana wapi. Yamkini wahandisi wangalirudi nyuma kidogo, upande wa Benaco, ambako nchi inafunguka. Hapo penye uwazi, miaka themanini baadaye, kulisimama mji wa watu wengi kuliko stesheni yo yote ilivyowahi kukusanya. Lakini habari hiyo ina mahali pake.

Vita vilipofika kaskazini-magharibi, Wabelgiji waliingia Rwanda na Burundi mwaka 1916, wakaitwaa Biharamulo na boma lake la Kijerumani, ambalo lingali limesimama, na mwezi wa Septemba wakaingia Tabora. Hivyo mwanzo na mwisho wa reli iliyokusudiwa ukawa mikononi mwa jeshi moja, ambalo halikuwa na nia ya kuijenga. Wabelgiji walitawala Ngara na Biharamulo kwa muda wa miaka mitano hivi, wakingojea wakubwa wa Ulaya wagawane.

Mgawanyo ulifanywa mwaka 1919. Kwa upande wa Uingereza alikuwako Lord Milner, Waziri wa Makoloni. Kwa upande wa Ubelgiji, Pierre Orts. Walikubaliana kwamba Rwanda na Burundi zibaki kwa Wabelgiji na sehemu nyingine ya koloni la Kijerumani iwe ya Waingereza. Lakini Milner aliweka sharti moja. Waingereza walikuwa bado na ndoto ya Cecil Rhodes, aliyefariki mwaka 1902, ya reli moja itakayotoka Rasi ya Tumaini Jema mpaka Cairo bila ya kutoka katika ardhi ya Mwingereza. Kipande kimoja cha njia hiyo kilikuwa kitoke Tabora kwenda Uganda, magharibi ya Ziwa Viktoria. Bonde la Kagera lenyewe, kuanzia Rusumo kwenda kaskazini, ni vinamasi na maziwa madogo kwa masafa marefu, wala si mahali pa kutandika reli. Kwa hiyo Milner alitaka mpaka usifuate mto. Mstari ukachorwa magharibi ya Kagera, na nchi ya Gisaka, ambayo ni mashariki ya Rwanda, ikatiwa katika Tanganyika kwa ajili ya treni ambayo hakuna aliyekuwa ameilipia hata taruma moja.

Kwa mstari wa makubaliano hayohayo, upande wa kusini wa goti, Bugufi ilitengwa na Burundi. Bugufi ilikuwa chini ya ukoo wa kifalme wa Burundi. Kihangaza kinachosemwa huko na Kirundi ni lugha ambazo wasemaji wake huelewana pasipo mkalimani. Ndoa, ng'ombe na ibada vilivuka vilima bila ya kujua kwamba pana mpaka. Kwa penseli ya Paris mtu wa Mugoma akawa raia wa udhamini wa Mwingereza, na shemeji yake wa bonde la pili akawa wa udhamini wa Mbelgiji.

Yaliyofuata yanastahili kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa vipande hivi viwili, vilivyokatwa kwa makubaliano mamoja, havikupata bahati moja. Gisaka ilikabidhiwa kwa Waingereza mwaka 1922. Mfalme Musinga wa Rwanda hakukubali. Alikuwa mtu mzima aliyetawala tangu 1896, na hasara yake ilionekana wazi: alipoteza machunga, kodi, na watu waliokuwa wakiitumikia baraza yake. Naye hakuwa peke yake. Askofu Léon Classe, mkuu wa misheni ya Kikatoliki nchini humo, aliwaandikia wakuu wa Ubelgiji akieleza kwamba kukatwa kwa Gisaka kunaudhoofisha ufalme mzima na heshima ya serikali inayouegemea. Sauti hizo zilifika katika Shirikisho la Mataifa huko Geneva, na tume iliyosimamia nchi za udhamini ikaona kwamba si haki kugawanya taifa kwa sababu ya reli. Waingereza, ambao kwa wakati huo walikuwa wamekwisha punguza hamu ya kujenga, hawakushindana sana. Gisaka ikarudishwa Rwanda mwanzoni mwa 1924, na mpaka ukashuka hadi katikati ya mto. Mkataba wa London wa mwaka 1934 ukaueleza mpaka wote kituo kwa kituo.

Bugufi haikurudishwa. Katika miaka hiyo mfalme wa Burundi, Mwambutsa, alikuwa mtoto. Alikuwa ametawazwa mwaka 1915 akiwa mchanga, na nchi ikaendeshwa na wasimamizi waliokuwa na ugomvi wao kwa wao. Hapakuwa na Musinga wa kukataa. Labda pia Bugufi ilionekana ndogo mno kuwasumbua watu wa Geneva. Kilima cha pembeni hupotea kwa urahisi kuliko jimbo lenye jina. Mwambutsa alipokuwa mtu mzima aliikumbuka. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulipoizuru Afrika Mashariki mwaka 1948, alitoa ombi kwamba Bugufi irejeshwe kwake, na ombi hilo lilifikishwa mbele ya Baraza la Udhamini. Lakini miaka karibu thelathini ilikuwa imepita. Watoto walikuwa wamesoma Kiswahili katika shule za Tanganyika, kodi ilikuwa ikilipwa kwa shilingi, na Baraza halikuugeuza mpaka. Hoja ya reli, ambayo ndiyo iliyokuwa sababu ya kwanza ya kuchora mstari magharibi ya mto, haikuwa na nguvu tena kwa mtu ye yote. Mstari ulibaki baada ya sababu yake kufa.

Maana wakati huo reli ilikuwa imekwisha shika njia nyingine. Waingereza walipoanza kujenga kutoka Tabora katikati ya miaka ya 1920, walitazama pamba ya Usukuma na bandari ya ziwa, wakaielekeza Mwanza. Reli ya Tabora hadi Mwanza, kilomita 379, ilifunguliwa mwaka 1928. Inapita Isaka, Shinyanga na Malampaka, na mahali pake palipo karibu na Ngara ni Isaka, kiasi cha kilomita 130 kutoka Tabora. Kutoka hapo hata Rusumo pana safari ya siku nzima kwa gari, na kwa miguu ni ya wiki mbili au zaidi. Wabelgiji nao hawakuhitaji njia ya Ngara. Kwa mkataba wa mwaka 1921 walikuwa wamepewa viwanja vyao Kigoma na Dar es Salaam, vilivyojulikana kwa jina la Belbase, na mizigo ya Burundi ikashuka Usumbura, ikavuka ziwa hadi Kigoma, ikapanda Reli ya Kati bila ya kuiona Bugufi hata kwa mbali.

Nchi isiyo na reli katika ukoloni haikuachwa ipumzike. Kodi ilidaiwa sawasawa na penginepo, na fedha ya kulipia ilikuwa mbali. Wanaume wa Bugufi, pamoja na wenzao wa Burundi na Rwanda, walitembea kwenda Buganda kulima pamba na kahawa za watu wengine. Wakakaa miezi au miaka, na wengine hawakurudi. Kahawa ilipoenea Bugufi kwenyewe katika miaka ya 1930, wakulima waliunda chama chao cha ushirika, mapema kuliko sehemu nyingi za Tanganyika; lakini gunia lililotoka kilimani lilikwenda kwa njia za udongo ambazo mvua ya masika iliweza kuzifunga kwa wiki nzima. Bei ya kahawa ya mkulima wa Ngara ilikuwa bei ya soko ikiondolewa urefu wa barabara.

Uhuru wa Tanganyika mwaka 1961, na wa Rwanda na Burundi mwaka 1962, haukubadili urefu huo. Katika miaka ya 1970 Tanzania ilipata reli mpya, ile ya kwenda Zambia, kilomita 1,860, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975 baada ya wataalamu wa nchi za magharibi kusema kwamba haitalipa. Ilijengwa kwa sababu za ukombozi wa kusini, na sababu hizo zilikuwa za haki. Kaskazini-magharibi, katika mkoa uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi kabla ya kuitwa Kagera, haikuwa na mlango wa vita uliohitaji kufunguliwa. Mwaka 1977 marais wa Tanzania, Rwanda na Burundi walitia sahihi mkataba wa kuliendeleza bonde la mto Kagera, na mahali walipochagua kukutana ni Rusumo penyewe; Uganda ikajiunga mwaka 1981. Umeme na njia za usafiri, na reli miongoni mwake, vilikuwa katika makusudio ya shirika hilo. Umeme ulikuja baada ya muda mrefu sana, shirika lenyewe likiwa limekwisha vunjwa: mitambo ya Rusumo yenye nguvu ya megawati 80, inayogawanywa kwa nchi tatu. Reli haikuja.

Mwisho wa Aprili 1994 daraja la Rusumo likapitwa na msafara ambao hapana mhandisi aliyeuwazia. Katika muda wa siku moja hivi watu wapatao 250,000, kwa hesabu iliyotolewa wakati ule, walivuka kutoka Rwanda kuingia Ngara, huku mto chini yao ukichukua maiti za waliouawa katika mauaji ya kimbari. Wakatua Benaco, mahali palipopata jina lake kutoka kampuni ya kujenga barabara, na baada ya siku chache vilima vilivyokuwa vya nyasi vikafunikwa kwa turubai. Umati ule ulikuwa mkubwa kuliko wakazi wa mji wo wote wa mkoa.

Kuwalisha watu hao kulikuwa ni kazi ya reli ambayo haipo. Mahindi na maharagwe yalitoka bandarini Dar es Salaam kwa treni hadi Isaka. Pale yalishushwa, yakahesabiwa, yakapakiwa katika malori, na malori yakashika njia ya Kahama, Nyakanazi, Lusahunga na kupanda hata Ngara. Kila lori lililokwama ni familia zilizopungukiwa na posho. Barabara zililiwa na magurudumu, misitu ya Ngara ikakatwa kuni, na wenyeji wakajifunza kwa mara nyingine kwamba wanaishi karibu na mpaka na mbali na stesheni.

Isaka ilitoka katika miaka hiyo ikiwa imegeuka. Hapo mwanzo ilikuwa kituo kidogo kati ya Tabora na Shinyanga, cha namna ile ile ya jengo, njia ya kupishania na ghala. Mwaka 1999 ilifanywa bandari ya nchi kavu. Reli za pembeni zilizotengana na njia kuu zinaingia katika uwanja wa makontena. Winchi zinayainua kutoka behewani na kuyaweka chini au moja kwa moja juu ya matela. Kando yake yako maghala, na ofisi za forodha ambamo mali ya Rwanda na Burundi huandikwa kama kwamba imekwisha fika mpakani. Nje ya uzio ni uwanja wa malori, na nje ya uwanja wa malori ni mji uliojengwa na malori: vyumba vya kulala, mafundi wa matairi, mama ntilie, vibanda vya kuuzia vocha za simu. Mtu akitaka kuona jinsi stesheni ya goti la Kagera ambavyo ingalikuwa, mpango wake ndio huu. Umewekwa tu mapema mno njiani.

Tangu wakati huo reli ya Ngara imechorwa tena. Mradi uliotayarishwa na Tanzania, Rwanda na Burundi ulieleza njia ya kutoka Isaka kwenda Kigali ikipita Rusumo, na tawi litakaloachana nayo Keza, katika wilaya ya Ngara, kwenda Gitega na Musongati ya Burundi. Keza ingalikuwa makutano: njia moja kulia, nyingine kushoto, na kati yake uwanja wa kupangia mabehewa ya nchi tatu. Sababu safari hii hazikuwa ngozi wala ndoto ya Cairo. Nikeli ilikuwa imegunduliwa Kabanga na Musongati, na madini mazito hayachukuliwi kwa malori bila ya kula faida yake. Mwaka 2018 serikali za Tanzania na Rwanda zilikubaliana kuanza kipande cha Isaka hadi Kigali kwa reli ya upana wa kisasa. Jiwe la msingi lilitazamiwa mwaka huohuo, halikuwekwa.

Reli ya kisasa yenyewe imekuja, lakini kwingineko. Treni za umeme zilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi wa Juni 2024, na Dodoma mwezi uliofuata. Kazi ya Mwanza hadi Isaka ilizinduliwa mwaka 2021, na mikataba ya vipande vya kupitia Tabora imetiwa sahihi. Kwa ajili ya Burundi, njia iliyochaguliwa ni ya kusini: kutoka Uvinza katika mkoa wa Kigoma hadi Musongati, karibu kilomita 280, ambayo mkataba wake wa ujenzi ulitiwa sahihi mwaka 2025. Nikeli ya Musongati itashuka Uvinza. Haitapita Keza.

Rusumo, kwa wakati huu, ina daraja jipya lililojengwa kwa msaada wa Japani, na kituo cha pamoja cha forodha kilichofunguliwa na marais wa Tanzania na Rwanda mwezi wa Aprili 2016. Malori hupanga foleni kilimani yakingoja zamu. Msafiri wa Mugoma anayetaka kupanda treni hupita njia yaliyokotoka malori hayo, kupitia Lusahunga na Nyakanazi za Biharamulo, Kahama, mpaka Isaka. Na Keza imebaki katika makabrasha ya mradi, ambao jina lake hufupishwa DIKKM: herufi ya kwanza ni Dar es Salaam, ya pili Isaka, ya mwisho Musongati; moja ya zile K mbili za katikati ni Kigali, na ya pili ni stesheni ya Ngara.